Sanduku Langu la Bagamoyo



Nataka kuwaeleza kina mama wenzangu jambo dogo la safari, nalo ni namna ya kufunga mzigo. Huenda mtu atasema, "Je, hilo nalo la kuandikwa gazetini? Nani asiyejua kukunja nguo?" Hata mimi nalidhani hivyo, mpaka sanduku langu liliponifundisha kwa aibu.

Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania Bara lilitimiza miaka 150 ya uinjilishaji, tangu Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868. Kilele cha sherehe kilikuwa Bagamoyo mwezi wa Novemba. Nasi watu wachache wa Rwamgasa tulijiandikisha kwenda kuhiji. Mimi nilifuatana na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mama wa miaka 70 na ushei, ambaye magoti yake yalikwisha choka. Nauli yake aliipata kwa kuuza karanga, kisahani kwa kisahani, muda wa miaka miwili. Alitaka auone ufuko ule kabla hajafa. Wazee wa ukoo waliniambia neno moja tu: "Umshike mkono."

Lakini mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye nguo. Nalikuwa na sanduku kubwa nililolinunua wakati nilipokwenda chuo cha ualimu. Nikatia humo magauni saba, viatu jozi tatu, sweta, blanketi na mto. Juu ya hayo nikafunga kikapu cha michembe na mchele, kana kwamba watu wa pwani hawali. Jirani mmoja akaniuliza, "Unahama?" Nikacheka tu.

Tulisafiri siku mbili, zaidi ya kilomita 1,000. Garini sanduku lilikaa chini kwenye buti, sikuuona uzito wake. Lakini kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo tulipanda gari dogo, na huko sanduku lilikaa mapajani mwangu. Jua lilikuwa kali. Nchi yetu ya Geita iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jioni upepo wa ziwa hutupoza. Bagamoyo iko kando ya maji ya chumvi, na hewa yake ina unyevu mwingi. Jasho likitoka halikauki. Gauni langu la nailoni liling'ang'ania mwilini kama ngozi ya pili. Tazameni ajabu: sisi watu wa Usukuma ndio wakulima wa pamba, lakini nilikwenda kwenye joto nimevaa nailoni.

Tukafika kituoni. Nilishuka nikiwa na sanduku mkono wa kulia na kikapu mkono wa kushoto. Shangazi alikuwa nyuma yangu. Aliunyoosha mkono wake apate kushikwa, lakini mimi sikuwa na mkono wa kumpa. Akakanyaga vibaya, akaanguka, akauangukia mkono wake.

Siku ya Misa kuu wenzetu walikuwa wanaimba, sisi tulikuwa benchini hospitalini. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Shangazi hakunilaumu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, unajua kwamba watu wa kwetu walikuja hapa zamani kwa miguu?"

"Naam, shangazi," nikajibu, maana habari hiyo nalisoma. Zamani za misafara, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri. Mtu mmoja alichukua frasila mbili hivi, yaani kilo 32, pembe za ndovu au majora ya nguo, kichwani au begani. Kutoka Tabora mpaka pwani ilikuwa miezi mitatu hivi. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, waliondoka Bagamoyo kuja kwenye Ziwa letu, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi vilevile. Wako wasemao kwamba jina la Bagamoyo latokana na maneno ya "bwaga moyo", kwa kuwa hapo mpagazi alitua mzigo akapumzika. Na wengine husema ni maneno ya watumwa waliokata tamaa walipoiona bahari.

Shangazi akaendelea, "Wale walibeba mali za watu, wakalipwa. Wewe hapa umebeba mali ya nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilifungua sanduku nikahesabu. Katika magauni saba nilikuwa nimevaa mawili. Sweta na blanketi sikuvigusa. Nikajiuliza, basi vyote hivi nalivichukua kwa ajili ya nani? Ukweli ni kwamba nilivichukua kwa ajili ya macho ya watu. Niliogopa wanawake wa parokia nyingine wataniona nimerudia gauni, waseme watu wa machimboni ni maskini. Macho ya watu ndiyo niliyoyabeba kwa mikono miwili, hata nikakosa mkono wa kumshika mzee wangu.

Tulirudi nyumbani, na shangazi hakufika ufukoni. Mfupa uliunga, lakini vidole viwili havikunji tena vizuri, na mpini wa jembe humponyoka hata leo.

Mwezi wa Agosti 2025 tulikwenda tena. Safari hii tulivuka ziwa juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni mwaka huo, ambalo urefu wake ni kilomita 3 hivi. Zamani tulishuka garini tukapanda kivuko. Mzigo wangu niliupima kwenye mizani ya dukani: kilo 5. Nami nauandika hapa, labda utamfaa mama mwingine aendaye nchi ya joto.

Mwilini nilivaa gauni la pamba lenye mikono. Mfukoni nilitia gauni jingine moja, na kitenge cha sare kwa ajili ya Misa. Nguo za ndani tatu: moja huvaliwa, moja hukauka, moja hungoja. Jioni hufuliwa, wala usingoje asubuhi, maana pwani nguo hukawia kukauka kwa ule unyevu. Viatu vya kufunika nilivaa, ndala nikatia mfukoni. Sabuni kipande, mswaki, dawa za shangazi, rozari. Mahitaji ya mwezi yafungwe katika kitambaa safi hata kama siku hazijafika, kwa sababu safari hubadili hesabu. Kwa nguo mbichi chukua mfuko wa kitambaa. Ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Fedha isikae yote mahali pamoja: kidogo mkobani, nyingine kibindoni.

Na juu ya yote, kanga doti moja. Kanga ni taulo, ni shuka, ni mtandio wa kanisani na wa kupita kwa heshima katika mitaa ya Waislamu. Ukiikunja ni mto, ukiifunga ni mfuko, ukiwa huna pazia ni pazia. Hakuna sanduku lililobeba mambo mengi kuliko doti moja ya kanga.

Wenzetu wa Rwamgasa wanaijua elimu hii kwenye mawe. Mchimbaji hutoa viroba na viroba shimoni, vikasagwa, vikaoshwa, na mwisho kilichotafutwa ni chembe ndogo ya kuwekwa katika kiganja. Hakuna apelekaye kiroba kizima sokoni. Vivyo hivyo Bwana wetu, alipowatuma wale Kumi na Wawili, aliwakataza mkoba na kanzu ya pili, kama tusomavyo katika Injili ya Marko, sura ya 6. Zamani nilidhani ni neno la kuwatesa. Sasa naona kwamba alitaka mikono yao iwe tupu, kwa kuwa watakutana na wagonjwa njiani.

Tulipofika kituoni Bagamoyo nilishuka kwanza, mfuko begani, nikageuka nikampa shangazi mikono yote miwili. Akashuka taratibu. Kesho yake asubuhi tukatembea mpaka ufukoni. Alisimama mbele ya msalaba, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ule wenye vidole vigumu, akasali kimya. Halafu akanitazama, akacheka.

"Mwanangu," akasema, "na lile sanduku liko wapi?"

"Liko nyumbani, shangazi. Tumelitia mahindi."

"Vema," akasema. "Huko ndiko kwake."