Kabla Hujanunua Kompyuta Nyingine

Wadau, hapa Tanga chumvi ya bahari inakula vyuma. Ukipunguza diski, umepunguza ugonjwa. Ndiyo raha ya kompyuta zinazowaka kupitia mtandao, zikitegemea seva moja. Ila juzi, shule fulani Ngamiani, zote ziligoma, na wanafunzi wana mtihani wa vitendo keshokutwa. Mwalimu akataka zitupwe. Nikasema, ngoja tufuate safari yake. DHCP imetoa anwani? Ndiyo. TFTP imeleta kerneli? Imeleta. Basi imekwama kwenye NFS. Kumbe mtandao ulibadilishwa anwani, lakini /etc/exports bado inaruhusu zile za zamani. Tukasahihisha mstari mmoja, tukaamuru exportfs -ra, zikawaka. Jamani, tusizike mgonjwa kabla ya kumpima!