Kura Iko New York, Mdomo Uko Minneapolis

Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alipotangaza matokeo ya urais katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, jioni ya Agosti 15, 2022, Minnesota, Marekani, ilikuwa Jumatatu asubuhi na Wakenya wengi walikuwa zamu. Katika nyumba za kulelea wazee, mkono mmoja ulikuwa unamlisha bibi wa Kizungu uji, na sikio moja liko Bomas, ambako watu walikuwa wanakunjana jukwaani. Wenyeji wa Minnesota walishangaa. Kwao hakuna tume ya taifa ya kungojewa: kila jimbo huhesabu kura zake, na mashirika ya habari kama Associated Press ndiyo hutaja mshindi.

Kilichowaudhi Wakenya hao siku ile hakikuwa asilimia 50.49 za mshindi, William Ruto, wala 48.85 za Raila Odinga. Ni lile neno kutoka nyumbani: nyinyi wa majuu mnachochea tu, na kura hamkupiga.

Lina ukweli, ndiyo maana likauma. Mwaka ule Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, lakini waliojiandikisha kupiga kura katika nchi 12 walikuwa 10,443. Marekani nzima ilipewa miji mitatu: Washington, New York na Los Angeles. Mkenya wa Minneapolis apande ndege kwenda kujiandikisha, arudi, kisha apande tena kwenda kupiga kura. Mmarekani anayeishi Kileleshwa, Nairobi, kwa upande wake, huomba karatasi yake ya kura akiwa sebuleni, akaijaza na kuirudisha kwa posta. Katiba ya 2010, ibara ya 82, ilitaka walio nje waandikishwe hatua kwa hatua. Hatua zenyewe ni za kinyonga!

Ila tume isibebeshwe kila kitu. Wapo waliokaa jirani kabisa na ubalozi na hawakusogea, lakini kwenye WhatsApp ni majenerali.

Nyumbani nako kuna la kuambiwa. Fomu 34A, zenye matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi, yeyote ajumlishe. Badala yake watu walisambaziana majedwali ya kubuni, na makamishna wanne wa tume walipoyakana matokeo pale hoteli ya Serena, kila ukoo ukawa na mahakama yake, wiki tatu nzima kabla Mahakama ya Juu haijaamua Septemba 5.

Kura ijayo ni Agosti 10, 2027. Pasipoti zikaguliwe sasa. Wanaoishi mji mmoja waende kujiandikisha pamoja, wachangiane nauli. Anayetaka matokeo afungue fomu ya kituo cha kwao, aachane na sauti iliyorekodiwa na asiyemjua. Nauli ya shangazi anayetaka kwenda kijijini itumwe kabla ya siku ya kura, barabara zikiwa bado zinapitika. Na ruhusa kazini iombwe mapema, maana siku hiyo ni Jumanne na Minnesota haina habari nayo.