Vinyama vya Puani

Sisi wa Delta ya Rufiji humpambanua samaki aliyeoza kwa pua. Mimi, huku Nyamisati wilayani Kibiti, nilikaa miaka 3 nisisikie hata harufu ya wali unaoungua. Wengine walidai nimerogwa. Daktari alimulika, akaona vinyama laini vilivyoota kwa uvimbe wa muda mrefu.

Tiba yake ni dawa ya kupulizia puani kila siku, pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Ya mtoni hayafai. Vikikaidi, hupasuliwa, navyo huweza kuota tena, hivyo dawa haiachwi. Mwenye pumu asimeze aspirini kabla ya kumwuliza daktari.

Pua ikiziba majuma 12, nenda hospitali. Usingoje mpaka umle samaki aliyeoza bila kujua.