Krimu Mbili za Kigango Chetu



Wengi wetu tukienda dukani kununua rangi ya ukuta husema, “Nipe krimu,” au “Nipe nyeupe,” kana kwamba krimu ni kitu kimoja dunia nzima. Mimi nami nalikuwa mmoja wa watu hao, walakini nimesoma chuo cha ualimu na kila siku nashika kalamu ya parokia. Kosa hilo lilinitia aibu mbele ya watu, na aibu hiyo ikanitia katika kosa kubwa kuliko la rangi. Nimeona vema niwasimulieni, maana huenda mmoja wenu yu karibu kupaka nyumba yake.

Kigango chetu kilikuwa kimepigwa plasta, lakini hakijapakwa rangi. Tulipopata habari kwamba Baba Askofu atakuja kutoa Kipaimara, wakristo walikubaliana kwamba kila nyumba itoe sado mbili za mahindi. Mahindi yakauzwa, nami nikakabidhiwa fedha, maana ndimi karani.

Nikapima. Kanisa lina urefu wa mita 18 na upana wa mita 8, na kuta zake zimekwenda juu mita 3. Mzunguko ni mita 52. Mara 3 ni mita za mraba 156. Nikatoa milango na madirisha, zikabaki 140. Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba kama 10 kwenye ukuta laini. Basi, lita 14. Nikanunua ndoo ya lita 20, nikarudi nikijisifu moyoni kwamba hata akiba imebaki. Kumbe nimesahau jambo ambalo kila fundi analijua: ukuta hupakwa mara mbili! Zilihitajika lita 28.

Fundi alimaliza mara ya kwanza. Akaanza ya pili, akapaka ukuta wa altare, akaingia ukuta wa kulia. Alipofika katikati, ndoo ikawa tupu.

Nilikwenda mjini mbio. Duka nililonunua mwanzo halikuwa tena na rangi ya kiwanda kile. Muuzaji akanionyesha ya kiwanda kingine, imeandikwa jina lile lile. Akacheka, akasema, “Karani, krimu ni krimu.” Nikachukua makopo mawili ya lita 4. Fundi akapaka jioni ile ile kwa mwanga wa taa, akamaliza usiku. Tulitazama, tukaona ni sawa, tukaenda kulala.

Asubuhi jua lilipoingia madirishani, nilisimama mlangoni nikaishiwa nguvu. Ukuta wa kulia ulikuwa umegawanyika katikati kama kanzu yenye kiraka. Upande wa altare ulikuwa krimu ya manjano, upande wa mlango ulikuwa krimu ya kuelekea wekundu.

Maneno yakaanza. Wengine walisema karani amenunua rangi hafifu akala chenji. Mama mmoja mjane, ambaye nalijua kwamba sado zake mbili zilitoka katika mbegu, hakusema lolote. Alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Baba Paroko aliponiuliza, nikajibu, “Baba, labda fundi ameongeza maji mno.”

Akaniuliza, “Ulimwona?”

Nikanyamaza. Sikumwona. Lakini neno lilikuwa limekwisha nitoka, na katekista alikuwapo akasikia. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kikisema kwamba fundi ametia maji katika rangi ya Mungu. Mtu huyu ana watoto watano, na riziki yake ni jina lake.

Usiku ule sikula vizuri. Mke wangu aliponiuliza, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, “Baba Maria, mimi nikitafuta uzi wa kushonea kitenge, siendi dukani na jina la rangi. Naenda na kipande cha kitenge, nakitoa nje juani, naweka uzi juu yake. Wewe ulikwenda na nini?”

Nalikwenda na jina tu.

Kulipokucha nilikwenda kwa fundi. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, “Karani, maji niliyotia ni yale yaliyoandikwa kwenye ndoo. Ungeniuliza ningekuambia.” Kisha, bila kusema zaidi, akaichukua ile ndoo tupu, akakomba mabaki yaliyokuwa chini, akapaka ubao mdogo laini, akauacha ukauke, akaupaka tena. “Nenda na huu,” akasema.

Katika duka kubwa la rangi mjini nilimkuta mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Aliyonifundisha ndiyo haya.

Kwanza, jina la rangi ni la kiwanda, si la rangi yenyewe. Kila kiwanda hujichagulia majina. Ni kama sado zetu sokoni: sote twasema sado, lakini ya huyu imejazwa kichuguu, na ya yule imebonyezwa kitako. Jina moja, kipimo mbalimbali. Ndiyo sababu watu wa kazi hii walitafuta namba. Ujerumani walianza orodha yao iitwayo RAL mwaka 1927, ikiwa na rangi 40. Waingereza nao wana orodha yao iitwayo BS 4800. Humo ile krimu ijulikanayo kama Magnolia ina namba 08 B 15. Ukitaja namba ya orodha ya namna hiyo, viwanda viwili vitalenga shabaha moja. Hata hivyo kila kiwanda kina rangi yake nyeupe ya msingi na vikolezo vyake, kwa hiyo watakaribiana, lakini huenda wasilingane kabisa.

Pili, mwanga hudanganya. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa vikolezo tofauti zaweza kufanana chini ya taa, na kuachana mchana. Au kinyume chake. Ndiyo yaliyotupata.

Tatu, rangi mbichi si rangi kavu. Rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka. Tena, rangi inayong’aa na rangi isiyong’aa, hata zikiwa namba moja, machoni si moja.

Nne, ukuta huzeeka. Moshi wa mishumaa, ubani na jiko hugeuza rangi, na rangi nyeupe ya mafuta huweza kuwa manjano mahali pasipofika mwanga. Kwa hiyo hata ukipata kopo la kiwanda kile kile baada ya miaka mitano, usitumaini kwamba litafanana na ukuta wako.

Mzee akauweka ubao wangu chini ya mashine ndogo inayopima mwanga unaorudi kutoka kwenye rangi, kisha akachanganya kwa kufuata vipimo. Hakuniuzia papo hapo. Alipaka kidogo kwenye kadi, akaikausha, tukatoka nje, tukaweka kadi juu ya ubao. Akaongeza tone moja la manjano. Kisha akasema neno lililotuokoa: “Hata sasa usiziache zikutane katikati ya ukuta. Zikutanishe kwenye kona. Kuta mbili za kona hazipati mwanga sawa, na jicho husamehe.”

Basi nilipiga hesabu upya, safari hii fundi akiwa kando yangu. Tuliuacha ukuta wa altare kama ulivyo, tukapaka kuta tatu zilizobaki, mita za mraba 116, kwa makopo matatu ya lita 4. Fundi aliyamimina yote katika ndoo moja akayakoroga pamoja kabla ya kuanza, maana hata makopo ya kiwanda kimoja huweza kupishana kidogo. Fedha ilitoka katika mshahara wangu. Mke wangu alikubali kwamba bati za jiko letu zingoje.

Dominika iliyofuata, baada ya matangazo, nilimwomba Baba Paroko ruhusa nikasimama mbele. Niliwaeleza wakristo hesabu yangu iliyokosa, nikaonyesha stakabadhi zote, nikasema wazi kwamba fundi hakuongeza maji, na kwamba mimi ndiye niliyemsingizia. Magoti yalitetemeka. Baada ya Misa yule mama mjane alinijia mlangoni. “Shikamoo, mama,” nikasema. “Marahaba, mwanangu,” akajibu. Akaugusa ukuta kwa kiganja. “Sasa umekaa vizuri.” Sijui alikuwa akiusema ukuta peke yake.

Baba Askofu alikuja, watoto wakapokea Kipaimara, wala hakuna aliyeuliza habari za rangi. Lakini tangu siku ile nina ukurasa katika daftari la kigango. Nimeandika kiwanda, jina la rangi, namba yake, namba ya toleo iliyopigwa kwenye kopo, lita zilizotumika na tarehe. Kiko pia kikopo kidogo cha akiba, kimefungwa vema, kwa ajili ya mikwaruzo, na ule ubao wa fundi naufungia kabatini, mbali na moshi na jua.

Nawe, ndugu msomaji, fanya vivyo hivyo nyumbani kwako. Hesabu kupaka mara mbili, nunua yote kwa pamoja. Ukipungukiwa, usiende dukani na jina. Nenda na kipande, ukitazame mchana na usiku, kikiwa kikavu. Na watu wakikuuliza kwa nini ukuta una rangi mbili, sema kweli mara ya kwanza. Ukuta nilioharibu niliurudisha kwa lita 12; jina la fundi sijui kama nimelirudisha lote hata leo.