Mboga ya Agosti inakaushwa Mei



Leo naandika juu ya mboga. Najua wengine mtacheka, kijana mzima anaongelea mambo ya jikoni. Lakini mimi najitolea upande wa lishe hapa Nyarugusu, naingia nyumba za watu na naona sahani zao. Wakati wa mvua kila nyumba ina kijani: lengalenga, matembele, majani ya kunde na ya maboga. Mengine yanazeeka bustanini, hakuna wa kuyala. Ikifika Agosti ni vumbi tu, na sahani ni ugali na mbaazi, kesho tena ugali na mbaazi. Mama anachota unga wa posho, anauza sokoni apate fungu moja la mchicha. Mwisho wa mwezi unga hakuna, watoto wanalala njaa.

Dawa yake wazee wetu wanayo. Sisi wa Fizi na Uvira tunajua ndagala wanavyoanikwa mchangani kando ya Ziwa Tanganyika. Na mboga inaanikwa pia. Mama yangu anafanya hivi mwezi wa tano, mvua zikikatika na kunde bado zina majani.

Anachuma majani machanga, anayaosha vizuri. Anachemsha maji yenye chumvi kidogo kwenye moto uleule wa chakula cha mchana, maana kuni ni shida. Anatumbukiza majani dakika mbili au tatu, anayatoa, anayachuja. Halafu anayatandaza kwenye kichanja kivulini, penye upepo, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A. Anafunika na kitambaa chepesi kisafi. Chandarua cha mbu hapana, kina dawa. Anageuza kila siku, na usiku anaingiza ndani kukwepa umande. Siku ya tatu hivi majani yanavunjika mkononi kama majani ya chai. Hapo anayaweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Siku ya kupika analoweka, anachemsha, anatia karanga za kutwanga.

Majani ya muhogo msifanye hivyo, yana sumu. Sombe inataka kutwangwa na kuchemshwa sana.

Sasa kuna neno moja linanikaa moyoni. Mzee mmoja jirani aliniambia, "Mwanangu, kukausha mboga ni kujipangia kukaa. Mimi mwaka huu naenda nyumbani." Sikubishana naye, ni mzee wangu. Na anayosema ndiyo wengi wetu tunayowaza: anayengoja safari hapandi mwembe. Lakini mboga kavu siyo mwembe. Ndoo nzima ya majani inaingia kwenye kifuko kidogo. Safari ikija, unaibeba begani. Isipokuja, watoto wanakula. Akiba haiozi, na hii hata haikufungi mahali.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: mkitugawia mbegu mwanzo wa mvua, rudini mwezi wa tano tufundishane kukausha. Wamama wanaojua wapo humuhumu kambini, muwaulize.

Na sisi vijana, tusiwaachie mama zetu peke yao. Kichanja ni miti minne na fito, kazi ya asubuhi moja. Mwezi wa tano, kila mmoja ajenge kimoja kwao na kimoja kwa bibi asiye na mtu wa kumsaidia.