Kutafuta Saa ya Pampu

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Jioni moja niliwasha pampu ya kisima chetu ili tangi lijae, nikaingia ndani kusahihisha madaftari ya watoto wa shule, nikaisahau. Kisima chetu hakina maji mengi. Ukiyavuta kwa muda wa nusu saa, huna budi kungoja yajikusanye tena. Pampu ikaendelea kuzunguka pasipo maji hata saa tatu ya usiku, ndipo tuliposikia harufu ya kuungua. Mota yake ilikuwa imekwisha kufa. Muda wa majuma matatu, mpaka nilipopata fedha za kununua nyingine, mke wangu na binti zetu walikwenda mtoni kila alfajiri na ndoo vichwani, na mjane jirani yetu, ambaye alizoea kuteka kwetu, akawa anaomba maji nyumba kwa nyumba. Mke wangu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, tafuta kitu kisichosahau."

Kitu hicho kipo, nacho ni saa iwashayo na kuzima umeme yenyewe. Mafundi huiita taima. Ndani yake mna mota ndogo izungushayo bamba la duara, mzunguko mmoja kwa siku nzima. Ukingoni mwa bamba mna vijino, mara nyingi 96, na kila kijino ukibonyezacho ni robo saa ya umeme. Nilitaka ya namna hii, si ile ya tarakimu na vitufe vidogo, kwa kuwa nilipenda kila mtu wa nyumbani aweze kuitazama na kuifahamu hata nisipokuwapo.

Ndugu yangu mmoja aliyerudi kutoka Marekani alikuwa nayo moja, si ya vijino bali ya vyuma vya kufunga kwa parafujo, katika sanduku zito la chuma, iliyofanywa kwa matangi ya maji moto ya huko. Akanipa bure. Iliandikwa voliti 208 hata 277, na umeme wetu ni wa voliti 230. Nikaona yafaa kabisa. Fundi akaifunga siku ya Jumatatu saa moja asubuhi, tukaitega iwashe pampu saa kumi na moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Jioni ikafika, kimya. Pampu ikavuma saa moja ya usiku. Kesho yake, badala ya alfajiri, ikavuma karibu na saa tatu na nusu, watoto wamekwisha kwenda shuleni. Nikaiacha nione mwisho wake, nayo ikazidi kuchelewa kila siku. Lakini Jumapili saa moja asubuhi, nilipokuwa nikijitayarisha kwenda ibadani, nikaitazama, na tazama, ilikuwa sawasawa na saa yangu ya mkononi! Nikadhani imejiponya. Jumatatu ilikuwa imechelewa tena saa nne.

Fundi akanieleza. Saa ya namna hii haina mapigo yake yenyewe, bali hufuata mapigo ya umeme. Mtu mmoja wa Marekani, Henry Warren, ndiye aliyetengeneza mota ya saa ya namna hiyo mwaka 1916. Sasa umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, na wetu mara 50. Kwa hiyo saa ile ilikwenda saa tano kila zilipopita saa sita, yaani saa 20 katika siku nzima. Hupoteza saa nne kwa siku, na siku ya sita imepoteza siku kamili, ndiyo sababu Jumapili tulipatana. Nikaona haya, maana ni hesabu ambayo ningaliweza kumpa mtoto wa darasa la sita.

Basi nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, nikazunguka maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo tangu asubuhi hata adhuhuri. Wengi walinionyesha zile za tarakimu. Mwisho nikaiona ya vijino, ya kuchomeka ukutani kwa meno matatu, bei ndogo, imeandikwa 16(2)A. Nilikuwa nimekwisha toa fedha mfukoni, mwuzaji, mtu mzima, akaniuliza, "Baba, wataka kuwasha nini?" Nikamwambia, pampu ya farasi mmoja. Akairudisha rafuni.

Akasema kwamba ile 16 ni ampea za vitu vya kutoa joto tu, kama pasi au jiko. Ile 2 iliyo katika mabano ndiyo ya mota. Pampu kama yangu hula ampea tano au sita ikizunguka, na inapoanza hula mara kadhaa ya hizo. Vyuma vya ndani vitaungua, vitashikana, na saa ikifika ya kuzima, pampu haitazimika. Nilisimama kimya nikifikiri: ningalilipa fedha ili kununua msiba uleule wa kwanza.

Akaniuzia ya kufungwa katika ubao wa fyuzi, yenye betri ndogo ya akiba ili umeme ukikatika isisimame, pamoja na kontakta. Saa huiamuru kontakta, na kontakta ndiyo ibebayo mzigo wa pampu.

Nyumbani tukapata fumbo jingine. Binti yangu mkubwa aliitega kwenye 11, akikusudia saa kumi na moja jioni, na pampu ikaanza saa tano asubuhi, maana bamba huhesabu tangu usiku wa manane. Jioni yetu ni 17. Nikakata karatasi ya duara, nikaandika saa zetu, nikaibandika kando yake.

Wala saa haijui kama kisima kina maji. Wakati wa kiangazi huinua kijino kimoja katika viwili, pampu ikavuta robo saa tu. Mjane jirani yetu hana saa nyumbani; huja na ndoo yake asikiapo pampu ikianza kuvuma.