Uchungu Usio na Kinini

Nimefunga depo yangu ya maganda. Mizani nimeiuza, mifuko nimeigawa, na chumba nimempangisha mfanyabiashara wa simenti. Kabla sijakabidhi ufunguo, vijana wawili wenye mashamba upande wa Musienene walikuja kuniuliza kama waendelee na kinkina, mti ambao ganda lake hutoa kinini, dawa ya malaria, au waing'oe wapande mikaratusi. Niliwajibu kwa kirefu mpaka mmoja akaanza kuangalia simu yake. Swali lao lilikuwa limegusa ugomvi wangu wa zamani na mtu ambaye hawezi tena kunijibu, na ugomvi huo ndio ninaouandika hapa.

Utoto wangu ni mfupi kuusimulia. Nilizaliwa kwenye vilima vya Lubero, baba akiwa kibarua kwenye shamba la Mbelgiji, kazi yake kubandua maganda ya kinkina kwa nyundo ya mti. Uhuru ulipokuja Mbelgiji alibaki. Mwishoni mwa mwaka 1973 Rais Mobutu alipotangaza mali za wageni zipewe Wazaire, shamba likapewa mkubwa mmoja ambaye, kwa nilivyomwona siku aliyokuja, hakujua mti upi ni kinkina na upi ni kivuli. Aliuza maganda, akauza mabati ya kukaushia, akauza na mabomba ya maji. Nikaacha shule, nikateremka Butembo kutafuta kazi, na Butembo kazi ilikuwa biashara.

Muzee aliyenipokea simtaji jina. Watoto wake bado wananunua maganda mjini, na haya ninayoandika hawatayapenda.

Alikuwa anapima kwa ulimi. Kwanza anavunja ganda karibu na sikio, maana lililokauka sawasawa hukatika kwa mlio mfupi na lenye maji hujikunja kimya. Kisha ananusa, akitafuta ukungu. Ndipo anatafuna kipande kidogo, anakizungusha mdomoni, anatema, anasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa na elimu. Alisema ganda la hovyo hukamata fizi mara moja kama ndizi mbichi, halafu linakuachilia. Ganda zuri huanza polepole, likakaa nyuma ya koo mpaka saa ya kula. Nilimwona akikataa mfuko mzima kwa kutafuna mara moja, na tulipoumwaga chini tulikuta maganda ya miti mingine yamechanganywa katikati, juu na chini pakiwa pamepangwa kinkina safi. Mwenye mfuko hakubisha, aliuchukua akaondoka. Katika kukamata wezi, ulimi ule sikuona wa kuushinda, hata leo.

Akiwa na raha alitusimulia safari ya mti wenyewe kana kwamba alikuwako. Jinsi Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, alivyokusanya mbegu za miti aliyoijua yeye, bosi wake Mwingereza Charles Ledger akaziuza kwa Waholanzi mwaka 1865, na Mamani akafungwa na kupigwa mpaka kufa kwa kosa hilo. Jinsi mbegu zile zilivyoota Java, karibu kinini yote ya dunia ikawa inatoka huko, hadi Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942 na majeshi ya upande wa pili yakabaki bila dawa ya malaria. Hapo ndipo Kivu ilipopata bei. Mwaka huohuo kiwanda kikaanza Bukavu, kile kinachojulikana leo kama Pharmakina. Muzee alilia kweli kwa ajili ya Mamani, kisha akageuka kumpunja mkulima wa Kyondo kilo mbili kwenye mizani. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Tuligombana juu ya mzizi.

Kinkina huvunwa kwa njia mbili. Unaweza kuukata mti kiganja kimoja juu ya ardhi ukaacha kisiki kichipue, ukachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, ukavuna tena baada ya miaka. Au unaweza kuung'oa wote, ukabandua shina, matawi na mizizi, ukapata uzito mkubwa siku moja, na shimo. Muzee alikuwa mtu wa kung'oa, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa uchungu. Ganda la mzizi ni chungu kuliko la shina, hilo anayetafuna analijua. Kwa hiyo, alisema, ndilo lenye dawa nyingi, na kuliacha chini ni kuzika pesa.

Hapo ndipo nilipomkatalia. Ledgeriana, ule mti wa Mamani, una kinini nyingi lakini mizizi yake ni legevu, na udongo mzito huuchosha. Succirubra, aina nyingine ya kinkina, una mizizi yenye nguvu na ganda maskini. Wakoloni wa Kivu, wakifuata Waholanzi wa Java, walipandikiza ledgeriana juu ya miche ya succirubra. Kwa hiyo katika mashamba mengi ya zamani, juu ya kovu la kupandikiza ni mti mmoja na chini yake ni mwingine. Ganda la ledgeriana nzuri hufikia kinini 10 kwa mia, hata kupita; la succirubra mara nyingi halifiki 3. Lakini succirubra ina ndugu wengine wa kinini, sinkonini na sinkonidini, nao ni wachungu sana. Ulimi hauwezi kuwatenganisha. Muzee alijifunza kuonja kwenye miti iliyooteshwa kwa mbegu, ambayo mzizi wake ni wa mti uleule, na huko alikuwa na haki. Akaja kuonja miti iliyopandikizwa kwa kanuni ileile.

Mimi sikujua hayo kwa akili yangu. Mzigo mmoja ambao muzee aliusifu kuliko yote, wenye mizizi tele, ulipita mpaka wa Kasindi ukaenda Mombasa na Ulaya, na karatasi ya maabara ikarudi na kinini ya chini mno. Tulikatwa bei. Muzee akasema Wazungu wamebadilisha mifuko. Huenda, kampuni ile, nisiyoitaja, ilikuwa na tabia zake. Ila karatasi ilikuwa na mistari mingine chini, majina ya zile alkaloidi nyingine, na hizo zilikuwa nyingi. Mtu anayebadilisha mifuko hajisumbui kuandika mistari hiyo. Nikaanza kuuliza wanaosomea kilimo na kemia, kidogo kidogo nikaelewa.

Ushahidi nilioupenda niliupata kwa wabadilishaji wa dola. Wana taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Ukisaga ganda, ukaliloweka kwenye maji yenye tone la asidi ya betri, ukachuja kwa kitambaa safi na kuongeza maji mpaka rangi ya chai ipotee, kisha ukamulika kwa taa ile gizani, kinini inawaka buluu. John Herschel, Mwingereza mtazama nyota, aliiandika buluu hiyo mwaka 1845 akitumia mwanga wa jua tu. Sinkonini na sinkonidini haziwaki. Usitie chumvi, inaizima. Na usionje maji hayo, yana asidi. Nililoweka ganda la shina na ganda la mzizi wa mti uleule uliopandikizwa, uzito sawa, maji sawa, nikamwita muzee kwenye stoo. Glasi ya kwanza iliwaka vizuri. Ya pili ilikuwa na ukungu wa buluu usiofaa kitu.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ile taa inajuaka dola. Haijue miti." Akatoka, na wafanyakazi wote wakacheka, wakanicheka mimi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na juu yake sitarudi nyuma hata hatua moja. Ya pili ni ngumu zaidi, nami sijaimaliza. "Kisiki ni akiba ya nani?" aliniuliza, baada ya vita vya 1996 na tena baada ya vile vya 1998. Familia inakimbia, inarudi, inakuta machipukizi yamekatwa kuwa kuni za askari. Mwenye shamba mwenyewe hana karatasi ya ardhi, na mwami, chifu wa eneo, anaweza kuamka na mpangaji mwingine. Aliyeng'oa amekula; aliyeacha kisiki amemwachia mtu asiyemjua. Huko Beni, tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa mashambani, na nani atamwambia mkulima wa kule, mwenye kakao iliyoiva asiyoweza kuifikia, kwamba afikirie mavuno ya mwaka wa saba? Naweza kujibu kwamba mteremko wa Lubero usio na mizizi unateremka na mvua mpaka bondeni. Ni jibu la kweli, lakini ni la mtu aliyekaa.

Katika jambo moja alikuwa sahihi kabisa. Mti ulioshikwa na uozo wa mizizi, ugonjwa wa Phytophthora, usiukate ukaacha kisiki. Ng'oa, choma, na usipitishe jembe lile kwa jirani. Muzee alilijua hilo kabla ya maagronomu kutufikia, na alikuwa akiosha buti zake kwa jivu.

Sasa kuhusu dawa, na hapa vijana mnisikilize vizuri, kwa sababu imani ya mzizi haikuishia deponi. Nyumba nyingi za kwetu huweka ganda la kinkina jikoni. Linachemshwa kwa homa, kwa tumbo, kwa mtoto asiyetaka kula. Wazee huliloweka kwenye kasikisi, pombe ya ndizi. Na linalotafutwa ni la mzizi, kwa hoja ileile ya muzee: chungu zaidi, basi kali zaidi. Mama yangu alitupa na tukapona, ndiyo. Lakini mama yangu alichemsha maganda ya shamba moja alilolijua, akapima kwa kikombe kimoja, na alisimamisha mara masikio yalipoanza kuvuma. Leo mtu ananunua fungu sokoni asilojua limetoka mti gani, anachemsha mpaka maji yanakuwa meusi, anamnywesha mjamzito. Kinini ikizidi huvumisha masikio, hutia giza machoni, huvuruga mwendo wa moyo. Na ikipungua, malaria inaendelea kumla mtoto huku nyumba nzima ikiridhika kwamba amekunywa kitu kichungu. Uchungu si kipimo! Nimelisema hilo kwa wanunuzi, nikalisema kanisani, na nililisema kwa sauti kubwa zaidi mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti na kutufikia Beni na Butembo. Siku za kwanza homa ile inafanana na malaria. Watu walibaki nyumbani na sufuria, au walikwenda kwa wale wenye vyumba vya nusu mganga nusu daktari, ambako waliambukizana. Mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Kipimo cha malaria cha tone la damu kinatoa jibu kabla sufuria haijapoa.

Bei ya ganda haikuanguka kwa sababu ya vita peke yake. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wenye malaria kali wachomwe artesunate badala ya kinini, baada ya utafiti uliofanywa Afrika, Kongo ikiwemo, kuonyesha inaokoa zaidi. Kwa watu wazima lilikuwa limeshasema hivyo. Sina kinyongo. Dawa bora ni bora. Kinini inaendelea kununuliwa, nyingine inaishia kwenye vinywaji vya toniki, ambavyo navyo vinawaka buluu chini ya taa ya dola, nimejaribu.

Niliwaambia wale vijana wawili: tazameni kovu la kupandikiza. Likiwepo, kateni juu yake, kata ya mshazari ili maji yasilale, mwanzoni mwa mvua, na mbandue siku hiyohiyo kabla utomvu haujakauka. Kaushieni juu ya shitingi, si juu ya udongo. Mmoja amefanya hivyo. Mwingine ameng'oa shamba zima kwa ajili ya mikaratusi, akaniletea mifuko ya maganda ya mizizi nimtafutie mnunuzi. Nilimwelekeza kwa watoto wa muzee. Walionja, wakampa bei nzuri.